Shemeji yangu, lango la kituo cha makaa ya mawe, na radhi ya marehemu mke wangu

Wakuu, amani iwe kwenu nyote, mlioko nyumbani na mlioko ughaibuni.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Nasoma nikiwa kwenye basi naelekea kazini, nacheka peke yangu, nafunga simu. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kifuani na halishuki. Nitakayosema niliyaona mwenyewe au niliambiwa na wenyewe. Pale nisipojua nitasema sijui. Elimu yangu ni ya darasa la saba, mnivumilie kwenye mpangilio.

Juzi kulikuwa na uzi watu wanabishana kuhusu umeme wa makaa ya mawe. Mmoja anasema bila makaa hakuna viwanda, mwingine anasema ni sumu tupu. Walitukanana mpaka mods wakaufunga.

Nilianza kuandika mchango wangu nikafuta, nikaanza tena nikafuta. Si mtaalamu. Mimi kituo ninachokijua ni kimoja tu, kiko India, na nimekiona kwenye simu basi. Lakini kiliishi nyumbani kwangu hapa Woolwich, London, kilikaa na sisi mezani, mpaka siku namzika mke wangu.

Mke wangu aliitwa Rukia. Alizaliwa Tanga mjini, baba yake Mhindi Mwislamu wa Gujarat, fundi seremala. Baba alipofariki, mama akawachukua watoto wake wawili akaenda nao kijijini kwa mumewe, kule Gujarat, India, kando ya bahari. Rukia alikuwa msichana wa kama miaka kumi. Mdogo wake, Ikbali, alikuwa bado ananyonya.

Haukupita muda mrefu mama naye akafariki. Rukia akawa ndiye mama. Alimbeba Ikbali mgongoni kwa kanga, wanawake wa kule wakimshangaa, maana wao hawabebi hivyo. Aliyewasaidia ni dada wa baba yao, Shangazi Hawabai, mvuvi na mwanikaji wa samaki.

Rukia alimlea mdogo wake kwa Kiswahili. Hakutaka kisahaulike. Baadaye mama yake mdogo wa Tanga alimrudisha Rukia, ndipo nikamuoa, ndipo maisha yakatuleta London. Ikbali alibaki kule, na Kiswahili chake kikabaki pale pale alipoachwa. Mpaka leo ni mwanaume mwenye mvi anayeongea kama mtoto anayeomba uji. "Dada, mimi njaa." "Dada, mimi oa sasa." Tulikuwa tunacheka mpaka machozi.

Sasa nieleze kijiji chao, bila hivyo hamtanielewa.

Sisi watu wa Tanga tunajua dago, kambi ya wavuvi. Kwao ni hivyo hivyo, ila wao huhamia pwani na familia nzima, kuku na mbuzi, sehemu kubwa ya mwaka. Wanasimika miti mchangani, wanafunga kamba, wanaanika samaki kama nguo. Mvua zikija wanarudi kijijini.

Na wana sheria moja ambayo haijaandikwa popote. Hata adui yako humfungii njia ya majini. Mnaweza kuwa hamsalimiani, mmetukaniana wazazi, lakini akipita kwenda baharini unampisha. Rukia alinisimulia watu wawili waliogombania mke, na mmoja njia yake ilipita uani kwa mwenzake. Alipita kila alfajiri. Mwenye ua alikuwa anageuka kutazama ukutani, lakini mlango aliuacha wazi.

Kituo kilianza na vibendera. Watu wenye kofia za plastiki walikuja wakachomeka vibendera vyekundu mchangani katikati ya kamba za samaki. Watoto waliving'oa wakachezea. Wakaja tena wakachomeka.

Halafu likapigwa hema kubwa, wakakusanywa watu, wakapewa chai na biskuti, wakaambiwa kitajengwa kituo kikubwa cha umeme. Makaa yatakuja kwa meli kutoka nchi za mbali. Kutachimbwa mfereji wa kuvuta maji ya bahari yapoze mitambo, yarudishwe baharini. Kutakuwa na barabara, zahanati na kazi.

Nisiwe mnafiki, barabara ilikuja. Zahanati ilikuja. Na kazi zilikuja kwa baadhi. Lakini mfereji ulipita katikati ya pale walipokuwa wanaanika, ukuta ukajengwa, na majivu yakaanza kutua juu ya samaki. Wanunuzi wakawa wanapitisha kidole kwenye samaki, wanakitazama kidole, wanaondoka.

Ikbali alipata kazi. Kwanza alibeba mabomba ya jukwaa la ujenzi wakati wanapandisha bomba la moshi. Alipiga simu akiwa na furaha, "Dada, mimi ona kijiji yote kutoka juu!" Rukia alimjibu, "Angalia usianguke, mjinga wewe." Hapo hapakuwa na ugomvi. Rukia alisikitikia pwani, lakini alijua mdogo wake ana watoto, na bahari haina mshahara wa mwisho wa mwezi.

Ugomvi ulianza ujenzi ulipoisha, Ikbali akahamishiwa ulinzi. Akawekwa kwenye lango lililojengwa juu ya njia ya zamani ya kwenda dagoni.

Siku moja Shangazi Hawabai alikuja na tenga lake kichwani, anataka kupita kama alivyopita maisha yake yote. Ikbali akamrudisha. Bibi wa watu ikabidi azunguke ukuta mzima kwenye jua. Watu walimkuta amekaa chini njiani, tenga pembeni, analia kwa sauti kama msibani.

Habari ilifika Woolwich siku hiyo hiyo. Rukia alikuwa jikoni, akapiga simu akaweka loudspeaker ili aendelee kukanda unga. Na mdogo wake huyo waliongea kilugha chao, lakini akikasirika Rukia alikuwa anahamia Kiswahili.

"Ni kweli umemrudisha Shangazi?"

"Dada, mimi amri. Bosi sema mtu hapana pita."

"Mtu? Yule ni mtu? Yule ndiye aliyekutafunia samaki ulipokuwa huna meno!"

"Mimi fungua, mimi fukuzwa. Mimi watoto, Dada."

"Basi lala na lango lako, Ikbali. Likupikie na likufulie."

Akakata simu kwa kidole chenye unga. Na hakumpigia tena wala kupokea, miaka ikapita.

Mtasema ni ugomvi mdogo. Hata mimi niliona hivyo mwanzoni. Nilimwambia, Rukia, sisi wenyewe taa zetu hapa zinawashwa na kitu fulani. Akaniambia, "Najua. Sijagombana na taa. Nimegombana na aliyemfungia mtu njia ya majini, na mtu mwenyewe nimemlea mimi."

Kuna siku binti yetu Salma alitutoa out, birthday ya mama yake. Salma amezaliwa hapa, Kiswahili anakielewa chote lakini anajibu Kiingereza. Alitupeleka kwenye kile kituo cha zamani cha umeme wa makaa kando ya mto Thames, chenye minara minne mieupe, ambacho sasa ni maduka na migahawa. Alidhani mama yake atapenda.

Rukia alisimama nje anaitazama minara. Akauliza, "Na wavuvi wa hapa walipelekwa wapi?"

"Mum, it's just shops," Salma akamwambia.

"Nimeuliza wavuvi."

Salma alinitazama mimi. Tulikunywa kahawa, tukapiga picha, tukarudi nyumbani.

Wakuu, ugonjwa ulikuja kwa mgongo kuuma. Alikuwa anafanya kazi care home, kuinua wazee, tukadhani ni hiyo. Kumbe ni saratani ya kongosho. Waliowahi kuiona wanajua, haikupi nafasi ya kujipanga. Hospitali wakatuambia ukweli kwa upole, tukamleta nyumbani. Kitanda chake tukakiweka sebuleni karibu na dirisha. Nesi alikuwa anakuja kubadilisha dawa ya maumivu.

Ikbali alisikia kwa watu wa kijijini. Akanipigia mimi. Visa aliomba, haikuwahi.

"Shemeji, Dada kula?"

"Kidogo."

"Mimi nataka radhi. Wewe sema Dada. Mimi kosa. Mimi mtoto yake."

Kwa wasioelewa, kwetu radhi ya mzazi si jambo la kucheza, na kwa Ikbali mzazi aliyebaki duniani alikuwa Rukia. Akifa hajamuwia radhi, ataibeba mpaka na yeye aingie kaburini.

Nikaenda kitandani nikamwambia. Akageuza uso.

"Mwambie lango limefungwa."

"Rukia, mtoto uliyembeba mgongoni."

"Radhi si soda, kwamba kila mgeni akibisha hodi nimfungulie chupa."

Hata mgonjwa wangu alikuwa na ulimi wake. Nilicheka, naye akatabasamu kidogo, kisha akafumba macho. Nikajua leo haiwezekani.

Nilijaribu tena, na tena. Shangazi Hawabai mwenyewe alipiga simu, mzee sasa, akasema yeye alishamsamehe zamani, Ikbali humletea dawa na unga. Rukia akamsikiliza kwa heshima zote. Alipokata akaniambia, "Yeye kasamehe ya kwake. Ya kwangu bado iko kwangu."

Halafu asubuhi moja, bila mimi kuuliza, akasema.

"Afungue lango. Shangazi apite mpaka majini, mchana kweupe, watu wanaona. Akifungua, nampa."

"Atafukuzwa kazi."

"Na Shangazi aliyekosa samaki, nani alimwajiri?"

Nikapeleka ujumbe kama ulivyo. Ikbali akasema, "Shemeji, mimi watoto shule." Nikamwambia nakuelewa, sikusukumi. Sikumsukuma kweli. Sikumtetea wala kumlaumu, na nilimwambia Rukia hivyo hivyo alivyojibu.

Rukia alisema, "Haya." Basi.

Baada ya hapo alianza kwenda. Maneno yakapungua. Siku ya Alhamisi hakuongea kabisa. Nesi akatuweka pembeni, akatueleza dalili tutakazoziona, pumzi itabadilika, macho yanaweza kubaki nusu wazi, yanaweza kutoa machozi yenyewe, msishtuke. Akasema kusikia huwa kunabaki mwishoni, lakini hakuna anayeweza kuwa na hakika.

Ijumaa asubuhi, kwao ni mchana, simu ikaita. Video.

Ikbali amevaa sare. Nyuma yake lango la chuma la bluu. Pembeni Shangazi Hawabai na fimbo yake, amevaa nguo yake nzuri, na wanawake wengine kama watatu.

"Shemeji, Dada wapi? Mimi fungua sasa!"

Nilikimbia mpaka kitandani. Nikamwinua kichwa kwa mkono mmoja, simu nikaishika kwa mkono wa pili mbele ya uso wake. Salma alikuwa ameshika miguu ya mama yake.

"Rukia, tazama. Ikbali anafungua."

Nililiona lango likifunguka. Lilikwama kidogo chini, akalisukuma kwa bega. Mlinzi mwingine alikuwa anafoka kwa Kihindi, anapunga mikono. Ikbali akampa simu mmoja wa wale wanawake, yeye akabaki amesimama amelishikilia lango, na Shangazi akapita mbele yake. Nilimuona Shangazi akimgusa shavu akipita.

Wakaenda. Simu inatikisika. Ukuta mrefu. Mkanda wa kubebea makaa unapita juu kwa juu, chini yake mchanga mweusi. Kisha mfereji, mpana kuliko nilivyofikiria, maji yanakwenda kasi. Wakaufuata mpaka ufukweni.

Dagoni hapakuwa na kitu. Hakuna mti, hakuna kamba, hakuna mtu. Waliobaki walishahamia mbali zamani. Shangazi aliingiza miguu majini, akaitoa haraka, akacheka ile ya mtu asiyeamini, akasema kwa kilugha chao kitu ambacho hata mimi nilikielewa: maji ya moto. Maji ya kupoza mitambo yanarudi pale.

Halafu akaigeukia simu, akapaza sauti.

"Rukia! Nimefika!"

Sasa wakuu, hapa ndipo penyewe.

Macho ya Rukia yalikuwa nusu wazi, yameelekea kwenye simu, lakini tangu jana yake yalikuwa nusu wazi. Chozi lilitoka jicho la kushoto, na nesi alishatuambia machozi yanaweza kutoka yenyewe. Pumzi haikubadilika. Mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi, mmoja kichwani, mmoja kwenye simu. Sikumshika mkono. Kama alijaribu kunibana vidole, hapakuwa na mkono wangu wa kuupokea wake.

Simu ikakatika. Rukia alitutoka siku ile ile mchana, watu wakiwa wanatoka msikitini. Tulimzika kesho yake.

Ikbali alifukuzwa kazi kabla jua halijazama. Lango likafungwa.

Siku ya tatu, nyumba imejaa watu, khitma imeisha, akapiga. Niliingia chumbani, Salma akanifuata. Alianza kwa kilio tu, kirefu. Kisha akauliza.

"Shemeji. Dada ona?"

Salma akaninong'oneza, "Just say yes, Dad. Please."

Nilitaka. Mungu ananiona, nilitaka. Lakini niliwaza, radhi ile ni ya Rukia, si yangu. Nikimpa mimi kwa kubahatisha, nimempa kitu ambacho sikupewa. Na mtu huyu amepoteza kazi kwa ajili ya jambo la kweli, nimlipe kwa uongo?

"Ikbali, sijui. Macho yalikuwa wazi. Shangazi alipoita, chozi lilitoka. Zaidi ya hapo sijui."

Nikasikia watoto wake wakicheza nyuma.

"Basi, Shemeji. Mimi ngoja."

Salma hakuongea na mimi wiki nzima. Mzee Khamisi, Mpemba jirani yetu, mtu tuliyezoeana sana, aliposikia alinigombeza mbele ya watu. "Wewe mtu wa ajabu kweli! Neno moja tu lingemlaza usingizi. Ukweli wako huo utaupika mchuzi?" Nikamwambia Mzee, labda. Ustadhi wetu aliniambia Mungu anajua nia ya aliyefungua na nia ya aliyeomba afunguliwe. Nilimpelekea Ikbali maneno hayo. Akasema ahsante. Lakini si alichouliza.

Sasa hivi anaendesha bajaji ya mizigo. Anasema maisha yanakwenda. Anamuulizia Salma, na Salma siku hizi huchukua simu wakaongea, yeye kwa Kiingereza na Kiswahili kidogo, mjomba wake kwa kile Kiswahili chake. Hata nimewasikia wakicheka.

Nilichojifunza ni kwamba, ndugu zangu, kama una radhi ya kumpa mtu, mpe wakati ulimi wako bado unafanya kazi. Usiiwekee sharti. Simlaumu mke wangu, nampenda na nitaendelea kumpenda, na alichokidai kilikuwa haki. Ila haki ilifika akiwa ameshaanza safari, na aliyebaki na swali ni yule mtoto wake.

Na kwa wale wa uzi wa makaa ya mawe: sisemi mjenge wala msijenge. Kule kwetu, kusini mwa Tanzania, makaa yapo, na watu wanahitaji umeme, mimi mwenyewe nilisoma kwa kibatari. Ila siku mkienda kwenye mkutano wa chai na biskuti, kabla ya kuuliza megawati, ulizeni lango litawekwa wapi, na ni mtoto wa nani atakayesimamishwa pale.

Naomba mnijibu kwa utulivu, hasa wenye elimu ya dini na waliowahi kuuguza mtu mpaka mwisho. Je, chozi lile lina maana? Ningesema ndiyo? Bado ninaweza kusema? Matusi sitajibu, ila ushauri nitasoma wote, hata wa kunigombeza.

Maana Ikbali hupiga kila Ijumaa baada ya swala. Tunasalimiana, tunaulizana hali, na kabla ya kukata huniuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, wewe kumbuka kitu?"

Kesho ni Ijumaa.